Mwadingusha hubaki salama, électricité huharibika

Kituo cha umeme cha Mwadingusha, kwenye mto Lufira karibu na Likasi, kilianza kazi mwaka 1930 kikiitwa Francqui. Jina lake la leo haliisumbui kompyuta hata kidogo, maana halina alama yoyote juu ya herufi. Tabu iko kwa mwenye kituo: Société nationale d'électricité. Jina hilo lina é nne, na orodha yenye jina hilo ikishapakiwa kwenye hifadhidata unaweza kulikuta hivi: SociÃ©tÃ© nationale d'Ã©lectricitÃ©.

Kompyuta hutunza namba, si herufi. ASCII, kanuni ya mwaka 1963, ina namba 128 tu. Kiswahili chote kinaenea humo, ila é haimo. Kwa hiyo kila mfumo uliipa é namba yake: DOS ya Ulaya Magharibi (ukurasa 850) iliipa 130, Windows-1252 ikaipa 233. UTF-8, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, huiandika kwa baiti mbili, 195 na 169. Programu inayodhani inasoma Windows huona 195 ikaandika Ã, kisha 169 ikaandika ©.

Faili likiwa na mfumo mmoja, kazi ni ndogo. Balaa ni faili lililoungwaungwa: mistari ya zamani imetoka DOS, mingine Excel ya Kifaransa, ya juzi imetoka kwenye simu. Ukiiambia PostgreSQL, programu ya hifadhidata, kwamba lote ni UTF-8, itagoma kwenye baiti mbovu ya kwanza. Watu hulalamika, lakini mimi naona inawatendea haki. Ukiiambia ni Windows-1252, itapokea karibu kila kitu bila kunung'unika, na uharibifu utaonekana siku risiti zinachapishwa.

Kwa hiyo pima mstari mmoja mmoja, kabla haujaingia. UTF-8 ina nidhamu yake: baada ya 195, na vilevile baada ya 233, lazima ifuate baiti kati ya 128 na 191. Neno Société lililoandikwa kwa Windows lina 233 inayofuatwa na t, yaani 116, na hapo kipimo kinaanguka. Mstari ukifaulu, uache ulivyo. Ukianguka, usome kama Windows-1252. Ukiona Soci‚t‚, yaani alama kama mkato mahali pa é, huo umetoka DOS. Usome upya kwa ukurasa 850. Kwenye safu ya pembeni andika umeusoma kwa mfumo gani, maana kuna siku utaulizwa.

Kuna mistari iliyokwisha kuharibika na kuhifadhiwa hivyo hivyo. Hiyo hufaulu kipimo, kwa sababu Ã na © ni herufi halali. Dawa yake ni kurudi kinyumenyume: igeuze kuwa baiti za Windows-1252, kisha uzisome kama UTF-8. Fanya mara moja tu, na kwa mistari inayokubali tu.

Usijaribu kutafuta na kubadilisha kwa mkono. Herufi à huharibika ikawa Ã pamoja na baiti 160, ambayo ni nafasi isiyoonekana. Mtu akisafisha nafasi za ziada, baiti hiyo hupotea, na hakuna programu itakayojua kama pale palikuwa na à au kitu kingine. Na penye �, herufi ya awali imeshakwenda. Rudi kwenye faili la mwanzo.

Kwa wanaotumia MySQL: chagua utf8mb4. Ile iliyoitwa utf8 huishia baiti tatu, na vikaragosi vingi vya kwenye simu huhitaji nne.

Ukitaka kujua kama upakiaji umefaulu, usikague mistari yenye Mwadingusha, Likasi au Lufira, kwani hiyo itakudanganya. Kagua yenye é, à na ç. Na faili la asili usilifute, hata mkuu wa ofisi akisema linajaza diski.