Tusiseme "Amekwisha" Kabla ya Wakati

Kuna neno moja ambalo Wakenya hulitamka kwa wepesi mno kila mwaka wa Olimpiki unapokaribia. Mwanariadha aliyekuwa akishinda jana akishindwa leo, au akijeruhiwa, au akijifungua mtoto na kutoonekana uwanjani kwa mwaka mzima, hukumu hutolewa papo hapo: "Huyo amekwisha." Neno hilo husikika katika matatu, katika vyumba vya walimu, na hata katika kurasa za michezo za magazeti yetu. Sasa macho ya wanariadha yanaelekea Los Angeles, mwaka wa 2028, na bila shaka tutalisikia tena.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na kazi yangu ni kuyachunguza maneno. Kitenzi kwisha kina tabia mbili katika Kiswahili. Kinaweza kusimama peke yake na kumaanisha kufikia mwisho: unga umekwisha, mwezi umekwisha. Lakini aghalabu hukitumia kama kitenzi kisaidizi, kikisubiri kitenzi kingine kije kukamilisha maana: amekwisha kula, amekwisha kufika, amekwisha kupona. Katika matumizi haya ya pili, anayesema "amekwisha" na kunyamaza ameikatiza sentensi katikati. Msikilizaji ana haki ya kuuliza: amekwisha kufanya nini?

Hoja yangu leo ni kwamba wanariadha wetu wengi tuliowatangazia mwisho walikuwa katikati ya sentensi. Ushahidi haupo mbali.

Kutoka hapa Subukia mtu huteremka hadi mjini Nakuru, kisha hupanda upande wa pili kupitia Molo hadi Keringet, Kuresoi Kusini, katika kaunti hii hii yetu ya Nakuru. Huko ndiko alikokulia Faith Kipyegon. Mwaka wa 2010, akiwa na umri wa miaka 16, alikimbia miguu mitupu katika mashindano ya dunia ya mbio za nyika huko Bydgoszcz, Poland, akawa wa nne miongoni mwa wasichana chipukizi. Mwaka uliofuata alilitwaa taji hilo. Katika Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka wa 2016 alishinda dhahabu ya mita 1,500, na mwaka wa 2017 akawa bingwa wa dunia mjini London. Kisha akaondoka uwanjani. Juni 2018 alijifungua binti.

Hebu tuifuate safari yake ya kurudi hatua kwa hatua, kwa maana hapo ndipo penye funzo. Mwishoni mwa Juni 2019, mwaka mmoja baada ya kujifungua, alishinda mbio za mita 1,500 huko Stanford, Marekani, kwa muda ulio chini ya dakika 4. Oktoba mwaka huo alipata nishani ya fedha katika mashindano ya dunia mjini Doha, nyuma ya Sifan Hassan wa Uholanzi. Wapo walioitazama fedha ile wakaona malkia amevuliwa taji. Hawakuutazama muda wake. Kabla ya kuwa mama, muda wake bora kabisa ulikuwa dakika 3 na sekunde 56.41. Doha alikimbia kwa dakika 3 na sekunde 54.22. Alishindwa, ilhali alikuwa amekimbia kwa kasi kuliko siku yoyote aliyowahi kushinda.

Mwaka wa 2020 janga la korona likaiahirisha Olimpiki ya Tokyo. Juni 2021, miezi miwili tu kabla ya michezo hiyo, Hassan alimshinda tena mjini Florence kwa tofauti isiyofika theluthi moja ya sekunde. Julai, mjini Monaco, Kipyegon akamshinda Hassan. Tarehe 6 Agosti, mjini Tokyo, akatwaa dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 53.11, akaifuta rekodi ya Olimpiki iliyokuwa imedumu tangu Seoul 1988. Mwaka wa 2023 alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500, mwaka wa 2024 akashinda dhahabu yake ya tatu mfululizo mjini Paris, na Julai 2025 akaishusha rekodi yake ya dunia hadi dakika 3 na sekunde 48.68. Tangu kujifungua hadi dhahabu ya Tokyo ilikuwa miaka 3 na ushei. Aliyemwambia "amekwisha" mwaka wa 2019 angelazimika kuimalizia sentensi yake hivi: amekwisha kuanza.

Kwa nini safari hiyo huwa ndefu? Lugha yetu ya michezo hutupotosha hapa pia. Tunasema mwanariadha "amerejesha makali," kana kwamba mwili ni kisu ambacho jiwe la kunolea na nusu saa vyatosha kukirudishia ukali. Mkulima wa Subukia angetupa mfano ulio bora zaidi: shamba lililolala. Shamba hilo halitoi mavuno siku linapolimwa. Kuna kufyeka, kulima, kusubiri mvua, kupanda na kupalilia, na kila kazi ina majira yake.

Ndivyo ulivyo mwili wa mkimbiaji. Akiacha mazoezi, katika wiki mbili au tatu za mwanzo majimaji ya damu hupungua, na moyo husukuma damu kidogo zaidi kwa kila pigo. Anaporejea, sehemu hiyo hurudi mapema kiasi. Chembe nyekundu za damu, zinazobeba hewa safi na ambazo maisha yake ni takriban siku 120, huhitaji miezi kadhaa kujengeka vyema, na ndiyo sababu wakimbiaji hukaa muda mrefu katika miinuko kama Nyahururu, iliyo takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Lakini kano na mifupa ndizo zinazokawia kuliko vyote. Hatari ipo hapo: mapafu hurudi mapema yakamdanganya mwenyewe kwamba yuko tayari, ilhali kano ya kisigino bado haijawa tayari. Mwanariadha mwenye pupa hujeruhiwa mara ya pili si kwa uvivu bali kwa bidii.

Kwa sababu hiyo makocha wenye busara huanza na mbio nyepesi za asubuhi, wakaongeza umbali, kisha wakaleta vilima, na kasi wakaiweka mwisho. Patrick Sang, aliyepata nishani ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka wa 1992, na ambaye Kipyegon amefanya mazoezi chini yake huko Kaptagat, amejipatia sifa duniani kwa subira ya namna hiyo.

Kipyegon hayuko peke yake. Vivian Cheruiyot alitoka Olimpiki ya London mwaka wa 2012 na fedha na shaba, akajifungua mwana mwaka wa 2013, akarudi kuwa bingwa wa dunia wa mita 10,000 mjini Beijing mwaka wa 2015. Mwaka wa 2016, mjini Rio, alipata fedha katika mita 10,000, na siku chache baadaye akatwaa dhahabu ya mita 5,000, dhahabu aliyokuwa ameitafuta kwa miaka mingi kabla ya kuwa mama. David Rudisha, aliyeistaajabisha dunia mwaka wa 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 katika mita 800, aliumia goti mwaka wa 2013. Katika mchujo wa kitaifa wa 2016 alimaliza wa tatu. Nchi haiwezi kupeleka zaidi ya wakimbiaji watatu katika shindano moja la Olimpiki, kwa hiyo alikuwa ukingoni kabisa. Majuma machache baadaye, mjini Rio, alikuwa bingwa tena.

Hata hivyo, nisije nikaonekana kuhubiri kwamba kila anayesubiri hushinda. Jirani yetu John Ngugi, aliyefanyia mazoezi yake Nyahururu, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara nne mfululizo, kuanzia 1986 hadi 1989, na mwaka wa 1988 akatwaa dhahabu ya mita 5,000 mjini Seoul. Mwaka wa 1990 na wa 1991 taji la nyika lilimponyoka. Machi 1992, mjini Boston, katika uwanja uliofunikwa na theluji, alilitwaa kwa mara ya tano. Huo ulikuwa mwaka wa Olimpiki, na ungedhani njia ya Barcelona imefunguka. Lakini Agosti ilipofika hakuwamo katika fainali ya mita 5,000. Mwili una kalenda yake, na haulazimiki kuilinganisha na kalenda ya Olimpiki. Lakini je, ushindi wa Boston ulikuwa bure? La hasha. Aliyetangaziwa mwisho alikuwa bingwa wa dunia tena.

Katika mji huo huo wa Boston, Machi 2025, ulimwengu wa michezo ya barafu ulishuhudia jambo linalofanana na hayo. Alysa Liu, Mmarekani anayeteleza kwa madaha juu ya barafu, alikuwa bingwa wa taifa lake akiwa na umri wa miaka 13. Mwaka wa 2022, akiwa na miaka 16, alitangaza kustaafu kwa kuchoshwa na maisha ya mazoezi. Alikaa miaka miwili mbali na mashindano, akarudi mwaka wa 2024 kwa hiari yake, na ilipobaki chini ya mwaka mmoja kabla ya Olimpiki ya majira ya baridi, akawa bingwa wa dunia. Barafu na vumbi la Bonde la Ufa havifanani, lakini ukweli ni mmoja: pumziko si kaburi.

Tatizo ni kwamba wenye mamlaka na fedha mara nyingi hawana subira. Mei 2019 mkimbiaji wa Marekani Allyson Felix alieleza hadharani jinsi kampuni ya Nike ilivyotaka kumpunguzia malipo na kukataa kumwekea dhamana katika mkataba kwamba hataadhibiwa iwapo kiwango chake kingeshuka katika miezi ya karibu na kujifungua. Agosti mwaka huo kampuni hiyo ilibadilisha masharti yake. Tazama jinsi neno "amekwisha" linavyoweza kuingia katika mkataba na kuwa shilingi na senti. Huku kwetu, mkimbiaji asiye na mshahara mwingine ila zawadi za mashindano hujikuta akikimbizwa na njaa. Huyo ndiye hurudi kabla kano hazijapona. Huyo ndiye pia hushawishika na sindano ya njia ya mkato. Sheria yetu ya mwaka wa 2016 ya kupambana na dawa za kusisimua misuli ni ya lazima, lakini sheria humfikia mtu baada ya kosa. Subira ya jamii ingemfikia kabla.

Sasa niwageukie walimu na wanafunzi, ambao ndio wasomaji wa ukurasa huu. Kila shule ina Kipyegon wake ambaye hajulikani. Yupo mvulana aliyevunjika mguu katika michezo ya wilaya, akarudi darasani akichechemea, na mwalimu wa michezo akampa mwingine viatu vyake. Yupo msichana aliyekuwa tumaini la shule katika mita 1,500, akapata mimba, akaenda nyumbani. Sera ya serikali ya kuwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni imekuwapo tangu mwaka wa 1994, na miongozo mipya ilitolewa mwaka wa 2020. Msichana huyo ana haki ya dawati lake. Lakini haki iliyoandikwa na ukaribisho ni vitu viwili. Akirudi akakuta kwamba darasa zima, kuanzia mwalimu hadi kiranja, limekwisha kumhukumu, ataondoka tena, na safari hii hataandikiwa barua yoyote.

Nawaomba walimu wafanye mambo mawili yasiyogharimu chochote. Kwanza, anayerudi apimwe kwa alipokuwa mwezi uliopita, wala asipimwe kwa alipokuwa siku ya ubora wake. Mwanafunzi aliyepanda kutoka alama 30 hadi 38 amefanya alichofanya Kipyegon huko Doha: ameshindwa na wengine, lakini muda wake ni bora. Pili, apewe muhula zaidi ya mmoja. Ikiwa bingwa wa dunia, mwenye kocha, tabibu na kambi, alihitaji zaidi ya miaka 3 ili aufikie tena ubingwa wa Olimpiki, kwa nini mtoto asiye na kitu chochote katika hivyo atakiwe kuwa ametengemaa kufikia mtihani wa katikati ya muhula?

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi wao alikuwa na hekima ya kutosha kujua kwamba chombo ni kimoja na ufundi ni kingine. Mwaka wa 2028 utakapofika, watakuwapo Wakenya watakaoshindwa katika mchujo, watakaoanguka, na watakaokuwa nyumbani wakinyonyesha. Tukisikia mtu akisema yeyote kati yao "amekwisha," tumuulize kwa upole kile ambacho mwalimu yeyote wa sarufi angeuliza: kitenzi cha pili kiko wapi?