Baba alipokwenda vitani: Maisha ya kambini Moshi mwaka 1916, na familia zilizobaki zikisubiri

Mtoto wa Moshi akisikia neno vita, mara nyingi mawazo yake yanakwenda Kagera, kwa sababu yupo babu au mjomba aliyekwenda mwaka 1978 na akarudi na simulizi. Vita vya nyuma zaidi ya hapo ni vya kwenye vitabu vya darasani: Wajerumani, Waingereza, tarehe, mtihani.

Lakini kati ya mwaka 1914 na 1916, vita kuu ya kwanza ya dunia ilikuwa mlangoni kwa Wachaga. Anayepanda gari leo kutoka Moshi kupitia Himo hadi mpaka wa Holili anapita katikati ya uwanja wake. Ng'ambo ya mpaka, karibu na Taveta, vipo vilima viwili, Latema na Reata, ambako watu walichinjana usiku kucha Machi 11 kuamkia 12, mwaka 1916. Siku moja baadaye Moshi ilikuwa mikononi mwa jeshi la Uingereza. Siku chache mbele, Machi 21, mizinga ilikuwa ikilia Kahe.

Majina ya majenerali yameandikwa sana. Paul von Lettow-Vorbeck aliliongoza jeshi la Wajerumani akiwa na makao yake Moshi, Jan Smuts wa Afrika Kusini akaja kumtoa. Yaliyoandikwa kidogo ni maisha ya wanaume waliolala kwenye kambi zile, waliokuwa baba za watu, na jinsi nyumba zao zilivyoishi bila wao.

Kwa nini Moshi

Sababu kubwa ilikuwa reli. Garimoshi kutoka Tanga lilifika Moshi mwaka 1911, na mji mpya ukaota chini ya mlima kuizunguka stesheni. Mwenye Moshi aliweza kushusha askari, unga na risasi kutoka pwani, kisha akavuka mpaka kwenda kuivunja reli ya Waingereza ya Mombasa. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914 na kuikalia kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Waingereza nao wakajenga reli yao kutoka Voi kuja huku, hatua kwa hatua, wakiweka makambi makubwa njiani, likiwemo la Mbuyuni.

Ndani ya makambi hayo walikusanyika watu wa kila namna: makaburu wa Afrika Kusini, Wahindi, Waingereza, Warodesia, askari wa King's African Rifles, na nyuma yao maelfu kwa maelfu ya wapagazi. Kwa muda mfupi, uwanda ule mkavu ulikuwa na watu wengi kuliko ulivyowahi kubeba.

Adui wa kwanza hakuwa na bunduki

Masika ya mwaka 1916 yaliikuta kambi ya Waingereza Moshi. Mvua ilinyesha wiki kwa wiki, barabara zikawa tope, magari yakazama na chakula kikachelewa. Nguo hazikukauka. Mapigano makubwa yalisimama hadi Mei, ila mahema ya wagonjwa yalizidi kujaa.

Malaria ilikuwa mbele. Mtu aliyekulia nyanda za baridi za Afrika Kusini hakuwa na kinga yoyote dhidi yake. Kikosi cha tisa cha askari wa miguu cha Afrika Kusini kilianza Februari 1916 na watu 1,135, na kufikia Oktoba waliobaki na afya ya kusimama kazini walikuwa 116, ingawa kilikuwa kimepigana kidogo sana. Kikosi cha pili cha Rodesia, chenye watu wapatao 1,000, kiliandikiwa zaidi ya matukio 10,000 ya ugonjwa katika vita hivi. Maana yake ni kwamba mtu mmoja aliugua, akapona, akaugua tena, mara kumi na zaidi.

Jambo hili liliwahusu wenyeji pia, na hapa mzazi wa leo anaweza kusogeza simu karibu. Kinga ya malaria haizaliwi nayo mtu kwa sababu ni Mwafrika. Mwili huijenga taratibu kwa kuumwa mara kwa mara, na huipoteza mtu akikaa muda mrefu mahali pasipo na mbu wengi. Kijana wa Kichaga aliyekulia juu migombani alikuwa karibu sawa na mgeni akishushwa Kahe au bonde la Pangani kubeba mizigo. Mwanawe wa leo anayepelekwa likizo Tanga au Dar es Salaam kutoka Rombo yuko hivyo hivyo. Chandarua kiwemo kwenye begi lake, na homa yoyote baada ya safari ipimwe bila kusubiri kesho.

Kwinini ilikuwa ndiyo dawa. Waingereza waliipata kwa meli. Wajerumani, waliozibiwa bahari, waliitengeneza wenyewe kutokana na magome ya mti wa mkwinini kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Ya maji, iliyochemshwa porini, ilikuwa chungu kiasi kwamba askari waliibatiza jina la pombe ya jenerali wao.

Baada ya malaria kulikuwa na kuhara damu, na huku ndiko wapagazi walikoteketea. Mpagazi alipewa posho ya unga na maharage, mara nyingi bila kuni za kutosha na bila muda. Aliwasili kambini jioni akiwa hoi, akachemsha maharage yakabaki magumu, unga ukaiva nusu, akanywa maji ya mto ule ule ambao wenzake elfu walikuwa wameuchafua. Mtu aliyezoea ndizi na mtori akibadilishiwa chakula ghafla namna hiyo, tumbo linaharibika hata kabla vimelea havijaingia. Vikishaingia, mwili uliokonda hauna cha kupigania. Waliotoka maeneo ya joto wakapelekwa kwenye baridi bila blanketi la kutosha, walikufa kwa kichomi.

Na funza. Mdudu huyu alikuwa mgeni Afrika Mashariki wakati huo, aliingia bara hili kutoka pwani ya magharibi katika miaka ya 1870. Alilemaza watu wengi kambini, na askari asiyeweza kutembea ni mzigo. Sindano, jicho kali na subira ya mtu mwingine vilikuwa matibabu yake.

Aliyeandika barua

Askari wa Ulaya na wa Afrika Kusini alikuwa na njia moja ya kuwa baba au mume akiwa mbali, nayo ni kalamu. Aliandika juu ya sanduku la biskuti, barua ikasomwa kwanza na ofisa ili asitaje mahali alipo, ikashuka Mombasa na kusafiri baharini kwa wiki nyingi. Jibu lilimkuta amekwishahama kambi, au amekwishaugua.

Daktari mmoja wa jeshi, Francis Brett Young, alikuwa na kikosi cha Rodesia waliposhuka kutoka upande huu wa Kilimanjaro kufuata Pangani, Mei 1916. Aliacha Uingereza kazi ya udaktari na mke, Jessica. Alikuja kutibu malaria na malaria ikamlaza yeye mwenyewe. Mwaka 1917 alitoa kitabu kuhusu msafara ule, Marching on Tanga, na kwa sababu yake msomaji wa leo anajua hata vumbi la njia lilikuwaje. Afya yake haikurudi kamili, lakini alirudi nyumbani, na jina lake lipo.

Aliyekuja na nyumba yake

Upande wa Wajerumani palikuwa na jambo ambalo wageni walilishangaa. Askari wao Mwafrika hakuishi peke yake. Tangu kabla ya vita, kila boma lilikuwa na kijiji cha askari pembeni, chenye wake, watoto, ndugu na watumishi. Mshahara wa askari wa kawaida, rupia 20 kwa mwezi, ulikuwa mkubwa kwa wakati ule na ulilisha watu wengi. Vita vilipoanza, kijiji kile kilisimama kikatembea.

Wanawake walipika, wakabeba sufuria na watoto, wakatafuta chakula, wakatoa funza, wakauguza. Walijifungua njiani na kesho yake wakaendelea kutembea. Lettow-Vorbeck mwenyewe aliandika baadaye kwamba, wakishateka mzigo wa adui wenye vitambaa vya rangi, msafara mzima ulionekana kama watu waendao kwenye sherehe.

Ni picha ya kupendeza, na ndiyo maana inafaa kutazamwa mara mbili. Si kila mwanamke katika msafara ule alikuwa amechagua kuwamo. Wapo waliokamatwa vijijini jeshi lilipopita. Na wapo watoto wa kiume, wengine wadogo kabisa, waliokuwa maboi wa askari, wakibeba bunduki na mkeka wa bwana wao. Jeshi lilipoondoka Moshi Machi 1916 likaelekea kusini, familia hizo ziliingia safari ya zaidi ya miaka miwili na nusu, hadi Msumbiji na kurudi, ikaishia Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918. Siku hiyo walijisalimisha askari zaidi ya 1,100 na pamoja nao mamia ya wanawake.

Aliyeondoka kimya

Anabaki mpagazi. Hakuwa na barua, kwa kuwa wengi wao hawakujua kusoma na hakuna aliyewaandikia. Hakuwa na mke kando yake. Alichukuliwa kupitia kwa mangi au jumbe, na mara nyingine kwa kamba, na pande zote mbili zilichukua.

Ukitaka kujua pengo lake nyumbani, tazama kihamba. Kuchimba na kuzibua mifongo inayoshusha maji kutoka mlimani ilikuwa kwa desturi kazi ya wanaume. Mwanamume akiondoka, mke alibaki na migomba, majani ya ng'ombe, soko, watoto na wakwe, na mfongo unaohitaji mikono ambayo haipo. Wala hakujua ahesabu siku hadi lini. Mjane anajua yeye ni mjane. Huyu hakuwa mjane wala mke.

Upande wa Waingereza, Oscar Watkins alipewa kuwasimamia wapagazi, katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Kila mtu alipewa namba kwenye kisahani cha chuma. Majina yaliandikwa na watu wasiojua lugha zao, yakaandikwa hovyo. Mtu alipokufa, kumpata ndugu wa kumpa mshahara uliobaki ilikuwa kazi ngumu, na fedha nyingi za waliokufa hazikufika majumbani kwao.

Waliokufa miongoni mwa wapagazi wa jeshi la Uingereza pekee wanahesabiwa kuwa zaidi ya 95,000, wengi wao kwa magonjwa. Wajerumani hawakuweka hesabu kamili ya wa kwao. Halafu yakaja mafua makali ya mwishoni mwa 1918, yaliyosafiri kwa meli na reli pamoja na watu waliokuwa wakirudi makwao. Aliyenusurika Kahe na Rufiji aliweza kuyabeba hadi kitandani kwa watoto wake. Ugogo nako njaa ya Mtunya ilikuwa imeanza, baada ya majeshi kuzoa mifugo, nafaka na wanaume.

Neno Carrier Corps midomoni mwa watu lilibadilika likawa Kariakoo. Mama anayekwenda Dar es Salaam kufungasha nguo za duka analitamka jina hilo kila safari.

Majina yako wapi

Taveta yapo makaburi ya kijeshi yenye mawe yaliyochongwa majina na yanayotunzwa hadi leo. Kwa wapagazi haikuwa hivyo. Baada ya vita, tume ya Uingereza iliyosimamia makaburi ya wanajeshi iliamua kwamba Waafrika wengi wasiwekewe jiwe moja moja. Makaburi yao yaliachwa yameze na pori. Badala yake zikajengwa sanamu za pamoja, mojawapo ikiwa ile ya Askari katikati ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927. Hazina jina la mtu.

Bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali mwaka 1964 kuwalipa askari wazee mishahara waliyokuwa wakidai. Wapagazi hawakuwa na wa kuwasemea. Ilichukua hadi Aprili 2021 kwa tume ile ya makaburi, sasa ikiitwa Commonwealth War Graves Commission, kutoa ripoti na kuomba radhi. Ripoti inakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Tovuti ya tume hiyo ina sehemu ya kutafuta jina, nayo inafunguka vizuri kwenye simu. Familia inayotaka kujaribu ianze kwa wazee kwanza: jina la babu la utotoni, jina la ubatizo kama alikuwa nalo, ukoo, kijiji, na mangi aliyetawala alipoondoka. Andika jina kwa namna tatu au nne, kwa masikio ya karani Mzungu wa mwaka 1916, na R pale wewe ungeweka L. Jina lisipotokea, yaandikeni yale wazee waliyosema kwenye daftari la nyumbani, pamoja na tarehe na jina la aliyesimulia. Watoto wa shule ya msingi wanaifanya kazi hiyo vizuri, na bibi huwajibu maswali ambayo watu wazima hawathubutu kumuuliza.