Nyumba ya Mawe na Misimu ya Mwaka

Katika Mji Mkongwe wa Unguja zimo nyumba nyingi za mawe zilizojengwa katika karne ya 19, na baadhi yake zingali zikikaliwa na watu waliozirithi kwa wazee wao. Mgeni apitaye njiani huona kuta nene na milango mizito ya nakshi, akadhani kwamba nyumba za namna ile haziwezi kuanguka. Kumbe nyumba ya mawe ni kama shamba: isipotunzwa kila mwaka, huharibika.

Yapasa kwanza kujua jinsi ilivyojengwa. Kuta ni za mawe ya matumbawe, yaliyoshikizwa kwa chokaa, mchanga na udongo. Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti moja haivuki zaidi ya mita 3 hivi, vyumba vya kale huwa vyembamba na virefu. Juu ya boriti hupangwa mawe madogo, yakamiminiwa chokaa, ikapigwapigwa kwa vijiti hata ikawa ngumu. Uani huwa na jiko, kisima, na pengine banda la miti na makuti.

Adui mkubwa wa vitu hivi vyote ni maji. Tone likipata ufa juu ya paa, huingia ndani ya ukuta, huosha udongo ulioshika mawe, kisha hufika kwenye ncha ya boriti iliyofichwa ukutani. Huko mti huoza pole pole, wala hakuna aonaye, maana sehemu iliyo wazi ingali nzima. Hatimaye dari huanguka.

Kwa hiyo kazi hufuata misimu. Wakati wa kaskazi, kabla ya mvua kubwa, mafundi hupanda juu ya paa. Huziba nyufa, husafisha mifereji, hubadili makuti yaliyochakaa, na kung'oa miche iliyoota ukutani, kwani mizizi yake hupasua mawe. Masika, tangu Machi hata Mei, ni wakati wa kutazama. Mwenye nyumba hupita kila chumba, akatia alama palipo na unyevu. Mvua zikiisha, kuta hukauka, na boriti hugongwa moja moja: mti mzima hulia kwa sauti kali, mti uliooza hutoa sauti nzito. Dari huegemezwa kwa nguzo, ndipo boriti mbovu ibadilishwe. Ukuta nao hupigwa lipu ya chokaa, tabaka nyembamba juu ya tabaka, ikinyunyizwa maji isikaushwe upesi na jua. Kabla ya mvua za vuli, mifereji husafishwa tena.

Wengine hudhani kwamba saruji, kwa kuwa ni ngumu, yafaa kuliko chokaa. Lakini matumbawe yana matundu mengi, nayo hunywa unyevu. Chokaa huuacha unyevu huo utoke, ukakaushwa na upepo, saruji huuzuia. Basi maji hubaki ndani pamoja na chumvi, na baadaye lipu ile ngumu hubanduka, ikachukua na uso wa jiwe.

Shida nyingine hutoka kwa watu. Nyumba moja huweza kuwa na warithi wengi, na kila mmoja akamngojea mwenziwe atoe fedha. Nao wakingojeana, mvua haiwangoji. Hata majumba makubwa hayakusalimika: Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 zama za Sultani Barghash, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, lilipokuwa likitengenezwa, na watu wawili wakafa.

Warithi wenye busara hukubaliana mapema, kila mmoja akatoa kidogo kila mwaka. Gharama ya kikapu cha chokaa leo ni ndogo kuliko ya dari nzima kesho. Wazee walisema kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali
1. Kwa nini vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba?
2. Fundi hujuaje kwamba boriti imeoza?
3. Eleza madhara ya saruji katika ukuta wa matumbawe.