Mwaka wa Kwanza wa Bustani na Kuku Nyumbani

Mkulima wa zao la biashara hupokea malipo mara chache kwa mwaka, lakini jiko lake huwaka kila siku. Kati ya mauzo ya msimu mmoja na mwingine ndipo mikopo ya dukani huzidi na mboga huwa adimu. Bustani ndogo na kuku wachache haviwezi kuchukua nafasi ya kahawa au pamba, lakini vikitunzwa vema huziba pengo hilo. Hata hivyo, familia nyingi huanza kazi hii kwa bidii na kuiacha kabla mwaka haujaisha. Makala haya yanaeleza namna ya kuvuka mwaka huo wa kwanza, hasa katika sehemu zinazopata mvua za masika na za vuli.

Kosa la kwanza ni kununua kuku kabla ya kuandaa mahali pa kuwaweka. Kuku asiye na banda hulala juu ya miti, hutaga vichakani, na huparua matuta ya mboga hata kusibaki mche. Kwa hiyo kazi ya Januari na Februari ni ujenzi: banda la kuku na ua wa bustani. Banda si lazima liwe la gharama. Linaweza kujengwa kwa miti, udongo na nyasi, mradi lisivuje, lipitishe hewa, liwe na vichanja vya kulalia na viota vya kutagia, na mlango wake ufungwe usiku ili kicheche asiingie. Ua wa bustani uwe wa matete au miti iliyobanana.

Katika miezi hiyo hiyo matuta yaandaliwe. Tuta lenye upana wa mita 1 linatosha, kwa kuwa mpaliliaji hulifikia kutoka kila upande bila kukanyaga udongo uliolimwa. Mvua za masika zinapoanza, mchicha na kunde ndizo mboga za kumtia moyo anayeanza. Mchicha huweza kuchumwa baada ya wiki 3 hadi 4. Usipandwe wote siku moja. Mkulima akisia sehemu ya tuta kila baada ya wiki 2, atakuwa na mboga mfululizo. Sukuma wiki huanzia kitaluni na kuhamishwa baada ya mwezi mmoja hivi. Nyanya ni vema zisubiri mvua kubwa zipungue, kwani unyevu mwingi huleta bakajani, na shamba lote huweza kuungua kwa siku chache. Msimu unaofuata, nyanya zisirudishwe palepale, wala zisifuate bilinganya, pilipili au viazi mviringo, maana mimea hiyo ni ya jamii moja na hushirikiana magonjwa.

Kuku wa kuanzia wasizidi matetea 4 na jogoo 1. Chanzo chao kiangaliwe kwa makini. Ugonjwa unapoingia kijijini, wapo wafugaji wanaokimbilia gulioni kuuza kuku wao kabla hawajafa. Anayenunua kwa bei nafuu siku hiyo hununua maradhi, naye huyapeleka kwa jirani zake wote. Kuku mgeni atengwe kwa wiki 2 kabla ya kuchanganywa na wengine.

Tetea wa kienyeji huatamia kwa siku 21. Tuseme kila tetea ameatamia mayai 12 na kuangua vifaranga 9. Wakiachwa wazurure na mama yao tangu siku ya kwanza, mwewe, baridi na njaa huweza kuwabakiza 3 tu. Wakihifadhiwa katika tenga kwa wiki 4 za mwanzo, wakapewa pumba, dagaa waliosagwa, mchwa na maji safi, 6 kati yao huweza kukua. Kwa matetea 4, hiyo ni tofauti ya kuku 12 na kuku 24. Mfugaji aliyetunza vifaranga ni kama aliyepata matetea wengine 4 bila kununua hata mmoja.

Banda na bustani husaidiana. Majani yaliyozeeka na masalia ya mboga huliwa na kuku, na kinyesi chao hurutubisha matuta. Lakini kinyesi kibichi huunguza miche, na huweza kuacha vijidudu vya maradhi juu ya majani yanayoliwa. Kichanganywe na nyasi kavu katika lundo, kimwagiwe maji kidogo, kigeuzwe mara kwa mara, na kitumike baada ya miezi 2 hadi 3 kikiwa mboji.

Adui anayeweza kuondoa kazi yote ya mwaka ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu hauna dawa, na katika kundi lisilochanjwa huweza kuua karibu kuku wote kwa siku chache. Kinga yake ni chanjo. Ile ijulikanayo kwa jina la I-2 hustahimili joto kuliko nyingine, na hutolewa kwa tone 1 katika jicho, kwa kifaranga na kwa kuku mkubwa sawasawa. Hurudiwa kila baada ya miezi 4, kwa mfano Januari, Mei na Septemba. Kuku aliyekwisha kuugua hafaidiki nayo. Chanjo itangulie ugonjwa.

Hapa ndipo ushirika unapohitajika. Chupa 1 ya chanjo huweza kutosha kuku mia na zaidi, na ikifunguliwa haiwekwi kwa siku nyingi. Mwenye kuku 5 akiinunua peke yake, sehemu kubwa humwagwa. Akiiacha kwa kuogopa gharama, kuku wake hubaki hatarini pamoja na wa jirani zake. Katibu wa chama cha msingi anaweza kuondoa tatizo hilo kwa kuorodhesha kaya zenye kuku na idadi yao, kukusanya mchango mdogo wa kila kuku, na kupanga siku moja ya kuchanja pamoja na afisa mifugo. Orodha ikamilike wiki 2 kabla ya siku hiyo.

Kila kaya nayo iwe na daftari. Tarehe ya kupanda, mafungu yaliyochumwa, mayai yaliyotagwa, yaliyoliwa na yaliyouzwa, vifaranga waliokufa na sababu yake: hayo yote yaandikwe. Mboga na mayai yaliyoliwa nyumbani yahesabiwe kwa bei ya sokoni, kwani nayo ni pato. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwaka wa kwanza hautoi faida kubwa ya fedha. Kuku wa kienyeji huhitaji miezi 6 au zaidi kabla ya kutaga, na sehemu ya mapato hurudi katika banda na ua. Mwanachama asipime mafanikio yake kwa fedha za mfukoni pekee. Ikiwa Desemba inafika naye ana kuku wengi kuliko alioanza nao, lundo la mboji tayari kwa masika, na mboga za jioni hazikukopwa dukani, basi kazi imesimama, na mwaka wa pili una mahali pa kuanzia.