Siri za Plazma (2): Oksijeni Kidogo, Kazi Mbili

Juma lililopita tulieleza jinsi umeme unavyoigeuza gesi nyembamba kuwa plazma. Leo tuingie kwenye mchanganyiko wenyewe wa gesi, maana hapo ndipo kazi ya kuchonga chipu za kompyuta hufaulu au huharibika.

Chukua CF4, gesi yenye kaboni moja na florini nne. Ikiachwa hivihivi haiigusi silikoni. Ndani ya plazma elektroni huigonga na kuivunja. Florini iliyo huru huila silikoni na kuigeuza gesi inayovutwa nje kwa pampu. Tatizo ni vile vipande vya kaboni vilivyosalia: huinasa tena florini kabla haijafika kazini.

Mwaka 1978 Mogab, Adams na Flamm wa Bell Laboratories, Marekani, walichapisha vipimo vya kuongeza oksijeni. Oksijeni huviunguza vipande hivyo, na florini hubaki huru. Wingi wa florini ulifika kilele oksijeni ilipokaribia asilimia 23. Lakini kasi ya kuchonga silikoni ilifika kilele mapema, kwenye asilimia 12 hivi! Florini inazidi, mbona kazi inapungua? Kwa sababu oksijeni nayo huing'ang'ania silikoni na kuziba nafasi ambazo florini ingeshambulia. Kwangu mimi hilo ndilo somo kubwa la fani hii: gesi ya kuongezea si maji ya kuzimulia tu, inafanya kazi moja ndani ya plazma na nyingine juu ya silikoni.

Hidrojeni huenda kinyume. Huichukua florini na kuacha utando wa kaboni juu ya silikoni, ambayo hukingika. Oksidi ya silikoni haikingiki hivyo, kwa kuwa oksijeni iliyomo ndani yake huuteketeza utando huo. Fundi anayetaka kutoboa oksidi bila kuijeruhi silikoni iliyo chini yake hutegemea tofauti hiyo.

Basi vipimo vya kwenye mabomba ya kuingizia gesi havitoshi kujua kiasi cha florini iliyo huru ndani ya plazma. Mwaka 1980 Coburn na Chen walionyesha njia ya kutia agoni kidogo, gesi isiyoungana na chochote, kisha kulinganisha mwanga wake na ule wa florini. Agoni ni shahidi mzuri, kwani huwashwa na elektroni zenye nishati inayokaribiana na ile inayoiwasha florini.

Juma lijalo: SF6 na C4F8, gesi ambazo hazichanganywi bali hupokezana, moja ikichimba, nyingine ikizipaka kinga kuta za shimo.