Seva ya mishahara ikianguka, tuulize kwanza ni nini ilibadilishwa

Kila mwisho wa mwezi, hapa Kolwezi kama vile kule Fungurume, familia nyingi zinangojea kitu kimoja: mushahara uingie. Wengi wetu tunazani franka zinatoka paka ku benki. Lakini mbele ya benki kuko seva, ile kompyuta kubwa ya kampuni yenye kuchunga pwentaje, masaa ya ziada na kazi ya usiku. Ikianguka, masaa yenu njo inaweza kupotea nayo.

Siku ile, kila mutu anasema: "Ni umeme." Ni kweli, umeme wetu unatoka mbali. Laini ya Inga mpaka Kolwezi, iliyoanza kazi mwaka 1982, ina urefu wa kilomita karibu 1.700, na delestaje tunaijua wote. Lakini umeme kukatika, peke yake, haipashwi kuharibu seva.

Tueleze sababu. Seva nyingi zinatumika na Linux, na mafaili yake yanapangwa kwa mufumo unaoitwa ext4, ulio tayari tangu 2008. Mbele ya kubadilisha kitu ku diski, mufumo huu unakiandika kwanza mu kitabu chake, sawa vile mulinzi anaandika majina ku mulango wa mugodi. Umeme ukirudi, unasoma kitabu: kazi iliyoandikwa yote inamalizwa, ile ya nusu inaachwa.

Kuko hatari moja. Diski inaweza kusema "nimekwisha kuandika" wakati maneno yangali mu kumbukumbu yake ndogo, yenye kufutika umeme ukikatika. Kwa hiyo ext4 inaweka kizuizi: kitabu kifike ku diski kwanza, kisha mengine. Kizuizi hicho kinapunguza mbio kidogo. Fundi mwenye haraka anafungua faili /etc/fstab, anaongeza neno moja, nobarrier, na seva inakimbia. Wote wanafurahi. Lakini ni sawa na kutoa nguzo za mbao mu galeri ili watu wapite mbio: paa haianguki siku ileile. Inangojea. Siku umeme unakatika, kitabu kinakutwa kimechanganyika, na seva haiwaki tena.

Kuko kosa lingine, mu faili ileile: herufi moja mubaya mu jina la diski. Seva inaendelea vizuri mpaka siku ya kuizima na kuiwasha. Hapo inatafuta diski, inaikosa, inasimama.

Basi ulizo la kwanza ni hili: tangu seva iliwashwa mara ya mwisho, nani alibadilisha nini? Kisha:

Musiizime na kuiwasha ovyo. Musome kwanza maneno yaliyo ku ekra.

Ikisema haioni diski, mulinganishe fstab na majina yanayotolewa na blkid, musahihishe, kisha mujaribu kwa mount -a mbele ya kuiwasha upya.

Ikisema mafaili yameharibika, mufanye kopi ya diski nzima kwanza. Kisha e2fsck -n, yenye kutazama bila kugusa. Kutengeneza kunakuja nyuma, na kamwe si juu ya diski ingali inatumika.

Mwishowe, murudishe kizuizi, na muweke betri ya kushika seva mpaka jenereta iwake.

Na ninyi wenye kushuka mu mugodi? Muulize wajumbe wa sendika: kopi ya pwentaje inachungwa wapi, na ni lini ilijaribiwa kurudishwa? Kopi isiyojaribiwa haitegemewi. Na muchunge ku nyumba karatasi za mushahara, pamoja na kakitabu ka masaa yenu. Seva ikisahau, ile karatasi njo itasema kwa ajili yenu.