Mapitio ya Huduma kwa Wenye Usonji: Jopo Likishaondoka, Nani Hutekeleza?
(Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi Uingereza ilivyoshtuka Mei 2011, pale kipindi cha Panorama cha BBC kilipoonyesha watu wenye usonji na wenye ulemavu wa akili wakipigwa na kudhalilishwa katika Winterbourne View, hospitali binafsi karibu na Bristol. Wahudumu 11 walitiwa hatiani, 6 kati yao wakafungwa. Serikali iliahidi kwamba kufikia Juni 2014 kila aliyelazwa bila sababu ya msingi angekuwa ametoka. Ahadi haikutimia.

Ndipo England ikaanzisha mapitio ya huduma na matibabu. Jopo humfuata mgonjwa hospitalini. Ndani yake yumo ofisa wa taasisi inayolipia huduma, mtaalamu wa tiba asiyetoka hospitali hiyo, na mtu mwenye usonji au ulemavu wa akili, au ndugu anayemtunza mtu wa hali hiyo. Huuliza: mgonjwa yu salama? Anahudumiwaje? Ana mpango gani wa maisha ya mbele? Je, ni lazima awe hospitalini?

Swali la mwisho ndilo zito. Usonji hauponywi kwa kulazwa. Taa kali, kelele na wahudumu wanaobadilika kila zamu humzidishia mgonjwa fadhaa. Fadhaa huandikwa kuwa ukali, na ukali huwa sababu ya kuendelea kumzuia. Mjumbe aliyeyaishi hayo huyatambua upesi, hata pale faili linaposema vingine.

Lakini jopo hupendekeza tu, halijengi nyumba. Ripoti ya daktari wa magonjwa ya akili Sheila Hollins ya Novemba 2023, iliyohusu waliotengwa peke yao kwa muda mrefu, ilionyesha kwamba mapitio pekee hayatoshi kuwatoa. Bila makazi yanayofaa na wasaidizi waliofunzwa, mgonjwa aliyeruhusiwa hubaki wodini.

Kwa hiyo kila pendekezo liwe na mtu anayewajibika na tarehe ya kukamilika. Fedha za makazi zitengwe mapema. Mgonjwa apewe maswali kabla ya kikao, kwa maneno mepesi na picha. Familia iitwe mapema. Kisha jopo lirudi kukagua kilichofanyika, na anayechelewesha atoe maelezo kwa maandishi.

Mapitio yapimwe kwa idadi ya waliorudi kuishi na jamii zao, si kwa wingi wa ripoti.

Wiki ijayo: makazi na wasaidizi wa nyumbani.